Timu ya Taifa kwa Soksi

Walthamstow, London

Mpendwa Amu Salim,

Shikamoo. Sote wazima, ila pua zinatuvuja kwa baridi.

Mwalimu wetu alisema bila kocha hakuna timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Mimi naitaka mno timu hiyo, kwa hiyo nikamwambia kwamba Baba alichezea timu ya taifa ya Kenya pamoja nawe. Jana Baba akaja shuleni, amezama ndani ya koti lake. Mwalimu akachungulia nyuma yake.

"Karibu, bwana. Mchezaji mwenyewe anaegesha gari?"

"Mchezaji ndiye mimi," Baba akajibu. "Timu yetu ilianza na wafupi. Warefu walikuja baadaye, tukawafundisha."

Kwa adabu ya nyumbani, akavua viatu mlangoni mwa ukumbi wa michezo, akabaki na soksi. Lakini sakafu ya ukumbi wa huku hupakwa nta, si saruji kama uwanja wenu wa Mombasa. Akadundisha mpira, akateleza, akapita chini ya kwapa la mwalimu, akautupa huku anaanguka. Ukaingia!

"Ndivyo timu ya taifa inavyocheza?" mwalimu akauliza.

"Tangu mwanzo," akasema Baba, bado yu chali.

Amepewa ukocha, nami nimo timuni! Ila leo wasichana wote wamefanya mazoezi kwa soksi, wakidhani ndivyo timu ya taifa ichezavyo, na Baba hathubutu kuwakataza. Amu wangu, Mwingereza yeyote akikuuliza historia ya timu yenu ya taifa, nakuomba usimwambie kwamba mlivaa viatu.

Mola awatunze, wewe na Bi Khadija.

Mwanao akupendaye,
Zarina