Rele Mbili, Namba Moja

Mbale, Alhamisi, 1997. Mvua imeshuka kutoka mlima Wanale tangu mchana na haijakatika. Nimefika kwenye chumba cha wageni nilichopanga hapa mtaa wa Nkoma, nimeketi kitandani na viatu vyangu vya matope.

Leo nusura niue mtu.

Niandike polepole. Kampuni yetu ya Jinja ilinituma kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa. Kuna rele sita, kila moja inalinda mota yake: umeme ukizidi, inaukata. Kazi yangu ni kuziunganisha kwa jozi moja ya waya, rele hadi rele, mpaka kwenye kompyuta, ili msimamizi asome na kuwasha mota akiwa ofisini. Kila rele naipa namba yake, maana zote husikia kila amri, ila hutii ile tu iliyoitwa.

Asubuhi namba tatu ilikuwa inajibu ovyo. Mara inasoma vizuri, mara takataka tupu. Namba tano haikujibu kabisa, nami nikaipuuza. Fundi wa kiwanda, tunayemwita Afande, alikuwa anafungua mota ya tano kuitengeneza, na nilikuwa nimemsainia karatasi kwamba imezimwa na haiwezi kuwaka. Nikajiambia, rele nayo imelala. Nikasahau kwamba rele ina umeme wake wa pembeni, haizimiki pamoja na mota.

Afande ni mtu wa Lira, aliwahi kuwa jeshini. Hana maneno mengi.

Nilidhani waya zangu zimepita karibu mno na kebo za mota, zinavurugwa na umeme wake. Nikazihamisha, jasho linanitoka, msimamizi akiuliza kila mara tutawasha lini. Ilipofika saa sita nilikuwa nimechoka kubahatisha. Nikatuma amri: namba tatu, washa.

Tatu ikawaka. Na kwenye kabati la tano nikasikia swichi ikijiwasha, tak!

Nilikimbia. Afande alikuwa amechuchumaa kando ya mota, spana mkononi, mzima. Asubuhi alikuwa ameng'oa fyuzi kubwa zote tatu za mota hiyo ili umeme usiifikie, na kuzitia mfukoni, bila kuniambia.

"Madam, nani nawasha hii?"

"Labda rele ni mbovu," nikasema, ingawa moyoni nilishahisi kosa ni langu.

Nilisema hivyo. Mimi, binti wa mchungaji wa Busia.

Alipoondoka nikabonyeza vitufe vya rele ya tano, nikaona kwa macho yangu namba yake: 3; rele mbili zilikuwa zikiitika kwa pamoja. Niliiandika mwenyewe jana nikiwa na haraka ya kumaliza. Nikaibadilisha, nikafunga kabati. Hakuna ambaye angejua.

Saa tisa msimamizi akaanza kumfokea Afande mbele ya watu, eti ndiye aliyewasha tano kwa kuchezea mtambo asioujua, atalipishwa. Afande alisimama wima kama yuko gwarideni. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Si yeye. Namba niliikosea mimi, na karatasi ya uongo ni yangu."

Msimamizi alimpigia simu bosi wangu papo hapo. Bosi anataka nifike Jinja Jumamosi, na maelezo yangu kwa maandishi.

Afande alinifuata hadi getini, mvua ikitunyeshea sote wawili.

"Mimi iko na watoto wanne, madam. Kama mimi naamini ile karatasi yako..." Akatazama barabara, kisha akasema, "Kesho kuja saa moja. Tunaangalia zote sita, mimi na wewe."

Nilitaka kulia. Nikaitikia tu, "Ndiyo, Afande."

Nimeanza barua ya bosi mara tatu na kuichana. Huenda nikapoteza kazi na chumba changu cha Mafubira, kule Jinja. Hilo nimeshalikubali, au najidanganya. Kinachonikaba ni zile saa tatu nilizokaa kimya.

Kama Afande asingefokewa, ningesema?