Fahali wa Mama Mkwe na Gemu Tano za Mwaka

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeanza orodha. Kila mwisho wa mwaka nabandika karatasi mlangoni mwa banda langu la kuchezesha gemu: gemu tano zilizonikosha. Si zilizoleta wateja — zilizonikosha mimi. Watu wanaipinga mpaka Januari, na wakishapinga wanakaa kucheza ili kunisuta. Ndiyo biashara.

Namba tano: ile ya ngumi, yenye bibi wa mkongojo. Anakung'oa meno kwa heshima zote. Namba nne: mbio za malori. Nimebeba mayai, mlima, mvua, breki za kubahatisha. Nikafika na yai moja, nikashangilia kama nimejifungua. Namba tatu: mpira. Nisipouweka, Kinyozi wa mlango wa pili atanikata sikio. Namba mbili: mazombi, sina la kuongeza.

Namba moja bado naichuja. Uongo. Naijua toka mwezi wa tano, naona aibu kuiandika hata humu.

Jumatano, 10 Desemba

Kinyozi kaja kuchungulia. Eti namba moja lazima iwe ya vita, mwanaume kamili haweki kingine. Nikamwambia wewe kutwa unapaka watu poda shingoni, uanaume umeusikia wapi. Kacheka, kacheza mechi mbili, kafungwa zote.

Haya, niandike. Namba moja: ile ya shamba. Unapanda mahindi, unamwagilia, unakamua ng'ombe, unalala mapema. Hakuna anayekufa. Mimi, mfalme wa mazombi mtaa mzima, natokwa jasho kwa sababu nyanya zimeingia ukungu.

Na shamba lenyewe si langu. La mama mkwe! Alikuja kwetu mwezi wa nne, ametoka kumzika mume wake. Hali, hasemi, anatazama ukuta. Mke wangu akasema, mchukue akakae bandani, angalau aone watu. Nikampa padi ya kuchezea asikae mikono mitupu. Wiki ya pili kanunua fahali wa kwenye gemu, kampa jina: Mzee Wangu. Kila asubuhi anamchana manyoya, anamsimulia habari za nyumbani. Siku Mzee Wangu alipokanyaga kabichi zote, mama kacheka. Mke wangu alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Akatoka nje kulia.

Sasa mama yuko kwa dada yake, wiki tatu. Shamba kaniachia mimi. "Mkwe, mwagilia tu. Kingine usiguse."

Ijumaa, 12 Desemba

Nimegusa.

Kosa la trekta. Jekundu, linang'aa, lipo sokoni humo humo kwenye gemu. Fedha za shamba zikapungua kidogo. Kuna kitufe: uza wanyama waliokomaa. Mimi na kusoma mpaka mwisho hatujawahi kupatana — nikabonyeza nikijua ni kuku. Trekta likaja linanguruma. Nikazunguka nalo raundi tatu, raha imenipanda kisogoni. Naingia zizini — patupu. Kibao tu kinaning'inia: Mzee Wangu.

Nimemuuza baba mkwe.

Na hii gemu inajihifadhi yenyewe kila dakika, hakuna kurudi nyuma. Nimezima umeme, nimewasha. Trekta lipo. Mzee hayupo.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimerudisha trekta. Mzee harudishwi: kanunuliwa na muuza nyama wa kwenye gemu, na yule bwana ana tabasamu silipendi.

Basi nitafute wa kufanana naye. Mzee alikuwa mweusi, sikio moja jeupe. Gemu inakupa rangi inayotaka yenyewe. Wa kwanza kahawia. Nikauza, nikanunua. Wa pili madoadoa. Wa tatu mweusi tii, mwenye dharau. Wateja nikawaambia mashine ipo kwenye matengenezo. Kinyozi kapitisha kichwa: "Matengenezo yana pembe?"

Nikamweleza yote. Nilijua atanicheka mpaka mwaka kesho. Kavuta kiti. "Wewe nunua," kasema, "mimi naangalia masikio."

Jumatatu, 15 Desemba

Wa kumi na moja! Mweusi, sikio jeupe. La kushoto. La Mzee lilikuwa la kulia. Kinyozi anasema akigeukia upande wa pili ni lile lile. Na huyu ndiye watu wanamkabidhi vichwa vyao.

Nimempa jina lile lile, Mzee Wangu. Tatizo ni mapenzi: mnyama akikuzoea, gemu inaonyesha mioyo juu ya kichwa chake. Mzee alikuwa nayo kumi. Huyu hana hata mmoja. Nimemchana kutwa nzima, nimeambulia miwili.

Mke wangu kaja: mama anawahi kurudi, ni kesho. Kaniuliza mbona umenywea. Nikasema orodha inanisumbua. Kasema mama akipiga simu anaulizia shamba tu, na toka aondoke hajalia hata siku moja.

Nikarudi kumchana fahali.

Nimebandika orodha. Namba moja nimeandika shamba, herufi kubwa. Liwalo na liwe.

Jumanne, 16 Desemba

Naandika hapa mezani, najifanya napanga zamu za wateja. Mama kashuka kwenye basi, hata nyumbani hajafika, begi kaliacha mlangoni. Kasoma orodha kwanza. Kaguna. Kashika padi. Kinyozi kamwacha mtu na nusu kichwa, yuko dirishani kwangu.

Mama kaingia zizini. Fahali kamgeuzia mgongo.

Kavua miwani, kaifuta, kavaa. "Mzee wangu hajawahi kunipa mgongo. Miaka arobaini."

Nikasema mama, labda kanuna kwa kuachwa.

"Labda," kasema.

Mabega yakaanza kumtikisika. Analia, anacheka, sijui, mimi naona kisogo tu.

Sasa anabadilisha jina la fahali. Herufi moja moja, polepole. M. K. W. E.

"Mkwe," kaita bila kugeuka, "njoo unionyeshe mimi mama yako. Kitufe cha kuuza ni kipi?"