Kiwanja Kimetimia Kipimo, Binti Yangu Hachezi

Mshauri wangu mpendwa, assalamu alaykum. Naomba unisaidie katika jambo ambalo kila nikilipima naona kosa ni langu peke yangu, nami si mtu aliyezoea kukosea vipimo, kwani nilikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na moja hadi nilipostaafu na kurudi kwetu Wingwi.

Binti yangu Nadhira, mwenye umri wa miaka kumi na saba, alijifunza mpira wa kikapu skuli, na kila likizo alikuwa akicheza na binamu zake, Kauthar na Saada, ndani ya ua wetu, pale nyuma ya nyumba palipozungushiwa makuti, ambapo wanawake hupika, huanika na hukaa vichwa wazi bila ya kuonwa na mtu, na goli lao lilikuwa pete ya chuma ya pipa kuukuu waliyoipigilia kwenye ukuta wa jiko, na chini palikuwa udongo mtupu, hivyo mvua ikinyesha pakiteleza, na siku moja Nadhira akateguka kifundo cha mguu, roho ikaniuma, nikamwahidi kiwanja. Alifurahi, akanambia, "Baba, mie nnataka papa hapa uani, sakafu tu, tusiteleze."

Ua ulikuwa na mita kumi na tatu kwa kumi. Nilimweleza kwamba kitabu cha sheria kinataka mita ishirini na nane kwa kumi na tano, pamoja na mita mbili za nafasi kila upande, na kwamba mimi siwezi kumwaga saruji kwa kitu ambacho hakijatimia. Hakubisha, na kimya chake nikakihesabu kuwa ni ridhaa. Nikauvunja ua, nikabomoa jiko nikalijenga upya ubavuni mwa nyumba, nikang'oa muhogo wote uliokuwa nyuma hadi kufikia njia ya msikitini. Mke wangu, Mwanakhamis, aliniuliza jambo moja tu, "Na sisi tutaanika wapi?" Nikamfungia kamba ya nguo upande wa mashariki, nikidhani nimemjibu.

Kiwanja kilitoka sawasawa. Nilivuta kamba pembe kwa pembe, na tofauti haikufika hata upana wa kidole. Siku ya kwanza Nadhira alitoka na baibui lake, akasimama na mpira kwenye mstari wa mtupo huru, na saa hiyo watu walikuwa wanatoka sala ya alasiri, wakasimama njiani kutazama, kwa wema tu, hakuna aliyesema baya, isipokuwa jirani yangu Jecha alinitania, "Mzee Shaame, tiketi wauziwa wapi watu?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nadhira akautua mpira chini taratibu, akaingia ndani. Hajatoka tena.

Huu ni mwezi wa nne. Vijana wa mtaa wanacheza kila jioni, na wanawake wa nyumba yangu wanapika milango imefungwa. Nimemsihi Nadhira acheze asubuhi, akanijibu kwa adabu iliyoniumiza kuliko ukali, "Kiwanja kizuri, baba. Waache wacheze wao." Juzi ameomba kuhamia Chokocho kwa shangazi yake Mwatum, ambaye ua wake bado umesimama, na nilipopita mlangoni mwa chumba chake nikaona begi limekwisha fungashwa nusu, na juu ya nguo imo ile pete ya pipa, ambayo nilidhani nimeitupa.

Je, niivunje saruji yote? Au nizungushe ukuta kiwanja kizima, ambao ni mita themanini na tatu ukitoa upande wa nyumba, na sitaumaliza kabla hajaondoka baada ya wiki mbili? Au nimwache aende?

Shaame, Wingwi

*

Mzee Shaame, waalaykumu ssalaam.

Hesabu zako nimezikagua na zote ni sahihi. Ukubwa wa kiwanja uliambiwa kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji, na aliyekwambia alikuwa amesimama papo hapo. "Uani" ni kipimo, Mzee wangu. Kilikuwa na mita na kilikuwa na makuti, nawe ukazihesabu mita, ukayavunja makuti. Kitabu ulichokifungua kimeandikwa kwa timu mbili za watu watano watano na watazamaji wao. Nyumbani kwako walikuwapo wasichana watatu na goli moja, wasiotaka watazamaji. Mkeo alikuuliza jambo hilohilo kwa lugha ya nguo, ukampa kamba.

Nakuhurumia, kwa sababu ulikusudia kumpa mtoto kilicho kamili. Lakini umempa asichokiomba na umemwondolea alichokuwa nacho, na kwa kuwa amekulia katika adabu, hakukwambia. Hapo sikupunguzii lawama.

Saruji usiivunje, na kiwanja kizima usikizungushie ukuta. Pitisha ua kwenye mstari wa katikati. Nusu iliyo upande wa nyumba ina mita kumi na nne kwa kumi na tano, na tao la pointi tatu linaishia chini ya mita tisa kutoka mstari wa mwisho, kwa hiyo kila mtupo aliofundishwa skuli unaingia humo na nafasi inabaki. Utahitaji mita kumi na tisa kukata katikati na kumi na sita kila ubavu; nyumba na jiko zifunge upande wa nne. Ni hamsini na moja. Anza na mabati juu ya nguzo, kisha wavu mkuukuu wa kuvulia juu yake ili mpira usiruke nje. Wanaume wanne wanamaliza kwa wiki moja, na Jecha awe wa kwanza kuitwa, maana kicheko chake amekwisha kukipata. Nusu ya pili waachie vijana, hawakukosa kitu.

Kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, mjibu Mwanakhamis swali lake. Kisha nenda kwa Nadhira, mwambie, "Nilikosea," na usiongeze neno "lakini". Mpe futi kamba mkononi, umwombe asimame pale anapotaka ua upite. Akisimama kabla ya mstari wako wa katikati, hata kama ni ndani ya tao, ndipo hapo. Usimwongezee hata shibiri moja.

Ruhusa ya Chokocho mpe leo, kabla kazi haijaanza, asije akauona ua kuwa ni bei ya kubaki kwake. Miezi minne ni mingi, na yawezekana akaenda. Akienda, mbebee begi mpaka kwenye gari, na saruji usiitaje. Ile pete usimwombe aitoe. Siku utakapoisikia inapigiliwa ukutani kwa mkono wake mwenyewe, iwe mwezi huu au likizo ya mwakani, hapo utajua kwamba kiwanja kimetimia.