Ufunguo wa duka la Baba

Nyakabiga, Jumatano, Machi 1996

Na bado Baba na majirani wanacheka huko sebuleni. Hawana hadithi nyingine ila Mwajuma na shitingi yake.

Mvua ya mawe ilipoanza alasiri, tulikuwa wawili tu katika duka la Baba la ushonaji. Mabati yetu yana matundu ya risasi tangu mwaka jana, na maji yakaanza kumiminika ndani. Mimi nilikumbatia begi langu la shule nikajibanza mlangoni. Binamu yangu Mwajuma alikimbia nyumbani, nyuma ya duka, akarudi na ile shitingi ya plastiki ambayo familia yake ilikuja nayo ilipokimbia vita mtaani Kinama. Niliwahi kumwambia inanuka moshi. Akafunika nayo vyerehani vyote viwili pamoja na nguo za wateja. Mawe yalikuwa yamempiga kichwani njiani, hakujali.

Baba alipofika alizipapasa nguo. Kavu.

"Mwajuma, we ni mutoto wa kazi," akamsifu, akampa ufunguo wa duka. Ufunguo niliokuwa nikiungoja tangu nianze sekondari!

Kisha akanigeukia. "Na we, profesa, vitabu vimelowa?"

"Apana, Baba."

Majirani waliojikinga barazani wakaangua kicheko. Ningekuwa na shitingi, mimi pia ninge...

Sasa hivi Mwajuma amekuja, ufunguo shingoni. "Dada, unisomee majina ya wateja. Kesho mi nafungua, na kusoma sijui."

Nimemwambia nina usingizi.

Sina usingizi hata kidogo.