Chumba cha Pazia la Buluu: Mwaka Bila Bi Njuga

Ni mwaka sasa, dada, tangu Jumanne ile ulipoanguka kwenye ngazi za kazini ukiwa umebeba kapu la midoli na njuga. Moyo, daktari alisema. Tulipofika, njuga zako zilikuwa bado zimetawanyika ngazini na watu wanazikwepa kwa miguu.

Wengi walikujua kwa jina la Bi Njuga, nawe ulilipenda. Mama alikuwa akikutania, "Umesoma miaka yote hiyo uje utikise njuga?" Unamjibu, "Mama, mimi nawahoji watu wasiojua kudanganya."

Kazi yako ya utafiti ilikuwa kujua mtoto anasikia nini kabla hajaweza kutamka neno. Mtoto wa miezi saba alipakatwa na mama yake kwenye chumba cha pazia la buluu. Ulimvuta macho kwa njuga, atazame mbele. Spika ya pembeni ilisema "ba, ba, ba", halafu ghafla "da". Aliyeitambua sauti mpya aligeuza kichwa, na sungura wa plastiki akawaka taa na kupiga ngoma.

Sauti ile ni yangu. Ulinifungia ndani ya kabati lako la nguo, katikati ya mablanketi, ili kelele za barabarani zisiingie. Nikasema "ba" mpaka nikasahau jina langu. Ulicheka nusura uangushe kinasa sauti.

Mama aliyempakata mtoto ulimvisha hedifoni zenye muziki, asije akasikia "da" akashtuka, na mtoto akafuata mshtuko wake. Kwa hilo hukuwa na mzaha na mtu. Kwa hiyo hakuna mama aliyejua kama mwanawe amegeuka kwa sababu amesikia, au hakusikia kitu. Ulijua wewe na daftari lako.

Jumapili ya mwisho uliniambia kuna watoto tisa ambao hawakugeuka hata mara moja.

"Umewaambia mama zao?"

"Bado, mdogo wangu. Mtoto anaweza kuwa na mafua, au usingizi tu. Nitawapima tena kwanza, nisimtie mtu kiwewe bure."

Ulikuwa uanze kuwaita Jumatano. Hasira yangu moja ni juu yako, dada. Ungewapigia siku ileile.

Iliyo kubwa zaidi ni juu ya mkuu wa kitengo chako. Kaburini alisema kazi yako ni urithi wa watoto wote. Mwezi uliofuata, baba na mimi tukaenda kumwomba wale tisa waitwe.

"Utafiti umefungwa, mzee," akasema. "Hizo sasa ni takwimu za kitengo. Ni siri."

Tukamwambia hatutaki kuona majina, awapigie yeye mwenyewe. Akasema atalipeleka kwenye kikao.

Baba akamuuliza, "Takwimu zako zinanyonya, bwana mkubwa?"

Tumerudi mara nne. Mara ya mwisho tulikuta pazia la buluu limeondolewa, chumba kimejazwa viti vilivyovunjika, na daftari limo kabatini, ufunguo anao yeye. Kikao hakijakaa. Watoto wale wanakaribia miaka miwili, na wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba miezi hii ya kujifunza kusema ikipita hairudi.

Mimi ni wa kunyamaza tangu utoto, wewe ndiye uliyekuwa unanisemea. Lakini nafasi hii ya gazeti ni yetu, haina mkuu. Basi uniwie radhi, dada, niwageukie wengine kidogo.

Mama uliyekaa kwenye chumba cha pazia la buluu, hedifoni masikioni na sungura mpiga ngoma pembeni: huenda mwanao si mmoja wa wale tisa. Mpeleke apimwe masikio hata hivyo, wiki hii. Usingoje simu. Aliyekuwa akupigie hayupo.

Dada, unakumbukwa na baba, na mama, na kaka yetu mkubwa, na wapwa zako uliowapima wote kabla hawajaota jino, na mimi mdogo wako. Hutatutoka moyoni maadamu tuko hai.

Alhamisi saa tatu asubuhi tunarudi ofisini kwa mkuu. Safari hii mama anakuja pia, na kapu lako la njuga.