Supu Yangu Kwenye Skrini

Ebenezer, upo? Nimeaibika leo hospitalini, tena mbele ya Lemburis! Lemburis yule yule aliyetaka kumposa Naisula kabla yangu.

Unajua tangu mke wangu apasuliwe kifua, mrija aliowekewa ubavuni unatoa maji meupe kama maziwa. Leo daktari alimchoma dawa ya rangi kinenani, akaifuata kwenye skrini. Ikapanda mpaka kifuani, ikamwagika. Mshipa wa limfu umetoboka! Akapitisha sindano nyembamba huku akiangalia picha, akaziba kwa gundi.

Baadaye akatuonyesha picha, akauliza, "Nani anamletea chakula?"

Nikatanua kifua. "Mimi. Supu ya mkia wa kondoo, kila siku."

"Mzee, mshipa huu ndio unaobeba mafuta ya chakula. Supu yako ilikuwa inamwagikia humu."

Supu yangu, Ebenezer! Mama yangu aliwanywesha wanawake wote waliojifungua Olasiti supu hiyo!

Naisula akasema, "Lemburis alinionya. Siku nilizoacha supu nikala maharage yake ya kuchemsha, maji yalipungua." Akamtazama yeye. Yeye, si mimi!

"Nilisoma tu kikaratasi cha hospitali, ndugu yangu," Lemburis akasema. "Kilikuwa hapo kitandani."

Kikaratasi! Mimi, miaka minne ya shule ya jioni, sikukigusa.

Sasa daktari ameagiza wiki tatu bila mafuta, na Lemburis amejitolea kupika. Nimemwambia akapumzike kwake.

Muulize shemeji Theresia, maharage bila mafuta yanapikwaje yakawa matamu? Haraka, nimeshabandika sufuria.