Siku Tuliyomwacha Rwamba Igoji

Jumamosi jioni, Agosti. Embu.

Baridi ya leo ni ya kukaa na sweta mbili, na manyunyu yametufuata kutoka Meru mpaka hapa bila kupumzika. Niko chumba cha wageni nyumbani kwa mama mkwe, mlango nimeurudisha, simu mkononi. Rwamba, binti yangu wa miaka mitatu, amelala kando yangu na viatu vyake miguuni. Nikijaribu kumvua anashtuka, kwa hivyo nimeviacha.

Hii ndiyo siku ya kwanza ya likizo yetu.

Sina hamu nayo tena.

Mwaka mzima nimekuwa nikiwaona watu mtandaoni na watoto wao kwenye mabwawa ya kuogelea, wote wamevaa miwani ya jua, hata mchanga wao ni msafi. Nikamwambia mume wangu, Nyaga, kwamba safari hii hata sisi tutaenda mahali. Tukapanga. Tungetoka Meru leo, tulale kwa mama yake hapa Embu, kisha kesho baada ya kanisa tuteremke Mbeere tukakae karibu na bwawa, Rwamba aone viboko. Amekuwa akiuliza kama kiboko ni ng'ombe aliyekataa kutoka kwa maji. Sikuwa na jibu zuri zaidi ya hilo.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu atasema mimi ni mwendawazimu. Rwamba ni jina la mama mkwe. Huku kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, Meru na Embu vilevile, na mimi sikubishana na hilo. Nilichokuwa sijui ni kwamba jina huja na wenyewe. Igoki, dada mkubwa wa Nyaga, alianza kumwita mtoto wangu "maitu", yaani mama yangu, akiwa bado amefungwa blanketi la hospitali. Hajawahi kuniuliza kama anaweza kumbeba. Mtu haombi ruhusa ya kumshika mama yake. Anamchukua tu na kwenda zake, na mimi nabaki nimeshika mkoba wa nepi.

Igoki hana mtoto. Jambo hilo halitajwi katika nyumba hii.

Halafu kuna mama mkwe mwenyewe. Tangu Pasaka amekuwa akisema wajina wake amekuwa mkubwa, aletwe akae naye kidogo, kwa sababu mimi na kazi yangu ya ofisi tumemwachia mtoto msichana wa kazi. Nimekuwa nikimpiga chenga. Mara mtoto ana kikohozi, mara hivi, mara vile. Kwa hivyo likizo hii ilikuwa pia mtihani wangu. Nilitaka anione nikimudu.

Sasa nisikilize nilivyomudu.

Igoki anauza mapazia hapa Embu na alikuwa amekuja Meru kwa biashara yake. Akasema tuteremke pamoja, gari lake libebe mizigo yetu, kwa sababu letu ni dogo. Tulitoka nyumbani kwetu Kinoru asubuhi na tukakutana naye Makutano, hapo hapo Meru, tukitia mafuta. Hata sijamaliza kumsalimia, Rwamba alikuwa ameshaingia kwake, amefungwa mkanda kati ya godoro na mitungi ya maji, anapunga mkono. Nyaga akacheka. "Wacha aende na mama yake," akasema. Mimi sikucheka.

Niliomba kitu kimoja tu. Nilimwambia Igoki asimpe mtoto kitu cha kula njiani, kwa sababu kona za barabara hii humvuruga tumbo.

Tuliposimama Igoji kununua ndizi, Rwamba alishushwa akiwa ametapika kuanzia kidevuni mpaka kwenye soksi. Mandazi na maziwa ya mtindi. Igoki alikuwa anampangusa kwa kitambaa chake cha kichwa huku akisema pole maitu, pole. Na mimi, ambaye nilikuwa nimechemka tangu Makutano, nikafurika.

"Nilikwambia asipewe kitu! Kila siku ni hivi. Haya, si ni mama yako? Kaa naye basi, umfulie na nguo!"

Niliyasema hayo mbele ya wauza ndizi wote. Igoki ana miaka kumi zaidi yangu. Alikunja kile kitambaa, akaenda upande wa gari lake.

Nilimbadilisha Rwamba gauni, nikimvuta mikono kwa hasira, najua nilimvuta. Nikamkalisha juu ya kreti karibu na mama mmoja wa ndizi na kumwambia asitoke hapo. Nikaenda kwenye mfereji nyuma ya vibanda kusuuza ile nguo. Niliporudi, kreti ilikuwa tupu. Gari la Igoki lilikuwa tayari linanguruma, vioo vimepandishwa na vimejaa ukungu.

Nikajiambia, amemchukua. Kama kawaida.

Ningetembea mpaka pale nichungulie. Ningeona kama mtoto yumo au hayumo. Lakini ningelazimika kumtazama Igoki usoni baada ya yale niliyosema, na sikutaka. Niliingia kwetu nikafunga mlango kwa kishindo. Nyaga akauliza, "Mtoto?" Nikamwambia, "Yuko kwa mwenyewe." Tukaondoka.

Kile ambacho sikukijua ni kwamba Rwamba alikuwa amefuata vifaranga nyuma ya marundo ya ndizi. Na Igoki alikuwa ameniona nikimvuta mtoto kuelekea kule, akajua kwamba leo hatathubutu kumgusa, akadhani ameingia kwetu.

Tulisimama Chuka tunywe chai. Igoki alifika nyuma yetu, akashuka ameshika sweta nyekundu ya Rwamba.

"Mvalishe hii, huku ni baridi," aliniambia bila kunitazama. "Ama amelala?"

Niliitazama ile sweta. Nikatazama kiti cha nyuma cha gari letu, ambacho nilikuwa nimekaa mbele yake njia nzima. Nikasema, "Si yuko na wewe?"

Uso wake uliniambia kabla hajafungua kinywa.

Sikumbuki kuingia garini. Nakumbuka Nyaga akigeuza gari katikati ya barabara na lori likitupigia honi. Zile kona za daraja la Nithi zilizoua watu wengi, ambapo kila dereva wa huku hupunguza mwendo na kunyamaza, Nyaga hakupunguza sana. Mimi nilikuwa najaribu kuomba, lakini sala haikupita maneno mawili. Mungu, lami. Mungu, lami. Kwa sababu vile vibanda viko karibu kabisa na barabara, na Rwamba akiona kuku hukimbia bila kutazama kushoto wala kulia. Halafu nikakumbuka magari yote yanayosimama pale kununua ndizi, milango wazi, watu nisiowajua. Nikaacha kuomba nikaanza kulia, na Nyaga akasema, "Usilie. Angalia barabara, angalia pembeni." Kana kwamba angekuwa anatembea kuja kwetu.

Tulifika Igoji mvua imekaza. Kibanda kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Mama wa ndizi hayuko. Kreti iko. Mtoto hayuko.

Nilipiga mayowe. Sijui nilikuwa naita nini.

Mwendesha boda aliyekuwa amejikinga chini ya paa alinyoosha kidole. "Mama, kama ni katoto kamepotea, kamepelekwa huko kwa mashine ya kusaga."

Nilikimbia kwenye matope. Ndani, kati ya magunia ya mahindi, wanawake walikuwa wamekaa duara, na katikati kulikuwa na Rwamba, amefunikwa shuka la mama wa ndizi, ameshika ndizi mbivu ambayo hajaila. Macho yamevimba. Nikamrukia. Mama wa ndizi akaweka mkono kati yetu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Wewe ni nani?"

"Ni mtoto wangu!"

"Kila mtu anaweza sema hivyo." Akainama. "Katoto, huyu ni nani?"

Rwamba alinitazama. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa nafoka. Akageuka akaficha uso kwenye kifua cha yule mama, akasema, "Nataka tata." Tata ni shangazi, Igoki.

Wale wanawake wakaguna. Nilitoa simu nikawaonyesha picha, Rwamba na mimi, Rwamba kwenye beseni, Rwamba na keki. Mmoja akasema picha mtu yeyote anaweza kupiga. Mwingine, mzee kidogo, alisema kwa Kimeru, akijua naelewa, kwamba yeye amezaa tisa na kulima na kuuza sokoni, na hajawahi kusahau hata mmoja. Nyaga alifika akajaribu kueleza, na maelezo yake yakafanya tuonekane wezi zaidi. Wakaanza kusema habari ya kuita polisi.

Sikuwakasirikia. Ningekuwa wao, nami nisingemtoa yule mtoto.

Ndipo Igoki akaingia, amelowa, bila kitambaa kichwani. Rwamba aliruka kutoka kwa shuka akaenda kumkumbatia miguu. Mama wa ndizi akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ehe. Huyu sasa ndiye mama."

Igoki angeweza kunyamaza. Baada ya yale niliyomfanyia mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, angeweza hata kukubali kwa kichwa, tuyamalize twende. Alimwinua Rwamba, akamshika kwa nguvu. Halafu akatembea mpaka kwangu, akamweka mikononi mwangu.

"Hapana, mama," akamwambia yule. "Mimi ni shangazi. Mama yake ni huyu. Mmelinda mtoto wetu, Mungu awabariki."

Rwamba alilia akimnyooshea mikono. Igoki akatoka nje kwenye mvua.

Natamani ningesema hapo ndipo mambo yalipoishia.

Tulifika Embu jioni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni tangu saa ya chakula cha mchana. Aliona macho ya Rwamba, akaona matope kwenye sketi yangu, akauliza kumetokea nini. Nyaga akatazama viatu vyake. Mimi nikafungua kinywa, nikafikiria lile neno ambalo lingefuata, abaki hapa, na kinywa kikajifunga chenyewe.

"Ni mimi, mami," Igoki akasema. "Nilimsahau Igoji. Alikuwa kwa gari yangu."

Mama mkwe akasema lile jambo ambalo halisemwi.

"Ningeshangaa nini? Wewe utajulia wapi mtoto."

Igoki alisema, "Ni kweli, mami." Akaenda jikoni kumenya viazi.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mtoto mikononi. Nilisema tu mtoto amechoka, ngoja nikamlaze.

Kupitia ukuta huu naisikia sauti ya mama mkwe mpaka sasa. Bado anamkaripia. Mtu mzima, ana duka lake, anakaripiwa kama mtoto wa darasa la pili. Nyaga ameingia hapa akaniambia niache mambo yapoe, mama akishika jambo huwa haliachi, na Igoki amemzoea. Eti amemzoea. Nimemuuliza, wewe umezoea? Akatoka.

Najua nitakachopoteza nikienda jikoni. Mama mkwe hatanipigia kelele mimi, mimi ni mke wa mtoto wake. Atasema tu neno moja kwa upole, na mbele ya neno hilo sitakuwa na kikohozi cha kujitetea nacho.

Nimekaa hapa nikiandika kwa sababu naogopa kusimama.

Nasimama.

...

Nimerudi. Naandika haraka kabla sijajifunza kuyasimulia vizuri.

Nilimwambia mama mkwe yote. Mandazi, yale matusi yangu, kreti, mlango nilioufunga kwa kishindo. Kwamba nilikuwa na hasira na mtoto akalipia. Igoki alijaribu kunikatiza, nikamwomba aniache. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameshika mwiko, na sufuria ikachemka mpaka ikamwagika motoni.

Hakuomba msamaha. Sijawahi kusikia akiomba. Alienda akamnyang'anya Igoki kisu, akamsukumia kiti. "Kaa," akasema. "Nitamenya mwenyewe." Igoki akakaa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mama yake akaendelea kumenya viazi, akiwa amempa mgongo, polepole sana, maganda manene manene, mtu ambaye kwa kawaida hatupi hata kipande cha kiazi.

Kisha akanigeukia mimi. Kwa upole, kama nilivyojua.

"Mama Rwamba, mtoto atabaki na mimi mpaka likizo iishe. Nyinyi nendeni mkaone maji yenu."

Nilisema, "Sawa, mami."

Kesho kiti cha nyuma kitakuwa kitupu, na safari hii nitajua kwamba ni kitupu. Sijui tutafanya nini huko bwawani, watu wazima wawili tunatazama viboko. Nimemvua Rwamba viatu sasa. Ameamka kidogo, akanitazama, na hakumwulizia shangazi yake. Alisema tu "mama" akalala tena, na nimelia kama mjinga.

Chakula kimeandaliwa. Igoki anakula. Mimi nimeshindwa kula.